Kukosa Penalti Hakuna Rangi

Hii ni mada niliyoitoa kwenye kongamano la vijana wa kanda yetu. Wengi mmeniomba maandishi yake. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, ila utani wa Simba na Yanga nimeupunguza, maana siku ile nusura uvunje mkutano.



Nimepewa mada ya kijana wa upinzani na mitandao ya kijamii. Nitaizungumza kwa njia ya mpira, msishangae. Kijana wa Kitanzania kabla hajajifunza kumkosoa waziri ameshamkosoa beki wa kushoto mara elfu moja. Kijiwe cha kahawa, kibanda umiza, grupu la WhatsApp, huko ndiko tunakonolewa midomo. Na tabia unayoijenga ukimkosoa mchezaji ndiyo utakayokwenda nayo siku ya kumkosoa mkuu wa wilaya. Kwa hiyo swali langu la leo ni hili: mchezaji akiharibu, una haki ya kusema nini, na ni wapi unapovuka mstari ukawa mbaguzi wa rangi?

Tuanze na fainali ya Euro, tarehe 11 Julai 2021, Wembley, Uingereza na Italia. Luke Shaw alifunga dakika ya 2, Bonucci akasawazisha kipindi cha pili, mpaka dakika 120 ni 1-1. Penalti. Kocha Gareth Southgate alikuwa amewaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, kwa kazi hiyo moja tu ya kupiga penalti. Rashford akagonga mwamba. Sancho akapanguliwa na Donnarumma. Penalti ya tano akapewa Bukayo Saka, kijana wa miaka 19 ambaye hakuwahi kupiga penalti kwenye mechi ya mashindano ya wakubwa. Nayo ikapanguliwa. Italia mabingwa.

Sasa hapo kuna mambo mangapi ya kukosoa? Chungu nzima! Unawaingizaje watu wawili ambao miguu bado ya baridi, hawajagusa mpira, halafu unawaambia beba nchi nzima mabegani? Mtoto wa miaka 19 unampaje penalti ya tano wakati watu wazima wapo uwanjani? Hata Rashford mwenyewe, ule mwendo wake wa kusitasita kabla ya kupiga, una haki ya kuusema mpaka asubuhi. Southgate alijitokeza akasema orodha ya wapigaji ilikuwa yake na lawama ni zake. Hayo yote ni mpira.

Lakini usiku uleule kurasa za wale vijana watatu, wote weusi, zikajazwa picha za nyani na ndizi. Wakaambiwa warudi kwao. Jamani, kwao wapi? Rashford ni mtoto wa Manchester. Sancho na Saka ni watoto wa London.

Nataka mlinganishe. Mwaka 1996, nusu fainali ya Euro, Wembley hiyohiyo ya zamani, Uingereza ilitolewa na Ujerumani kwa penalti, na aliyekosa ni Southgate huyuhuyu. Alisemwa, alitaniwa miaka na miaka. Ikaishia wapi? Kwenye tangazo la Pizza Hut, amejifunika kichwa kwa mfuko wa karatasi, watu wanacheka na yeye analipwa. Njoo Desemba 10, 2022, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar. Uingereza iko nyuma 2-1 kwa Ufaransa, dakika ya 84, Harry Kane anapaisha penalti juu. Aliandikwa, alichambuliwa, alionyeshwa marudio mpaka tukachoka. Baba yake Kane ni mtu wa Ireland, lakini sikuona watu wakimiminika kwenye ukurasa wake kumwambia arudi Ireland.

Kosa ni lilelile. Mpira umewekwa palepale, hatua kumi na mbili. Mweupe akikosa, amekosa yeye. Mweusi akikosa, kumbe wamekosa weusi wote, na uraia wake unaanza kuhojiwa. Ukitaka kujua kama maneno yako ni ukosoaji, jiulize tu kama ungemwambia hivyohivyo mtu wa kwenu aliyefanya jambo hilohilo.

Hilo la nyani na ndizi ni rahisi kuliona, hata kipofu analiona. Kuna ubaguzi mwingine hauna tusi hata moja, na huo ndio unaonisumbua zaidi.

Desemba 2018 Raheem Sterling, akiwa Manchester City, alitukanwa na shabiki akiwa anaokota mpira pembeni ya uwanja wa Chelsea. Kesho yake hakuandika juu ya yule shabiki sana. Aliweka pamoja habari mbili za gazeti. Ya kwanza ni ya Tosin Adarabioyo, kijana mweusi wa City, aliyemnunulia mama yake nyumba. Ya pili ni ya Phil Foden, kijana mweupe wa City hiyohiyo, aliyemnunulia mama yake nyumba. Bei zinakaribiana, pauni milioni 2 na ushee. Habari ya Foden imeandikwa kama ya mtoto mwema anayemkumbuka mama. Ya Adarabioyo imetaja mshahara wake kwa wiki, imesema anatapanya, imekumbusha kwamba hajaanza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Hakuna uongo pale. Kila tarakimu inaweza kuwa sahihi. Lakini ukisoma zote mbili unajua mwandishi ametaka umpende nani na umchukie nani. Sterling akasema hao vijana wawili hawajakosea kitu, tatizo ni namna habari zinavyolisha watu chuki. Nilipoliona lile chapisho niliwaza magazeti yetu na namna yanavyoandika mkutano wetu na mkutano wa wale wengine. Tuliache hilo.

Mwaka 2020 kampuni ya Denmark inayoitwa RunRepeat, pamoja na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, walikaa wakasikiliza watangazaji wa mechi 80 za ligi za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa. Walihesabu kauli 2,073 kuhusu wachezaji 643. Sifa za akili ya mpira, zaidi ya asilimia 60 zilikwenda kwa wachezaji wa ngozi nyeupe. Zikija sifa za nguvu, mtangazaji alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita kumsemea hivyo mwenye ngozi nyeusi. Yaani mmoja amefikiri, mwingine amezaliwa na misuli. Na zote zilikuwa sifa, siyo matusi! Mtangazaji akirudi nyumbani analala usingizi mzuri kabisa.

Msicheke, hata sisi tumo. Kocha mzungu akifungwa mechi tatu tunasema anajenga timu, tumpe muda. Mzawa akifungwa moja hana mbinu, afukuzwe. Sasa hapo nani ametufundisha? Hakuna mzungu aliyekaa nasi kibanda umiza.

Naomba sasa twende kwa Mesut Özil, maana yeye ndiye mfano mgumu, na kwetu sisi watu wa siasa ndiye mfano wenye faida.

Özil amezaliwa Gelsenkirchen, Ujerumani, familia yake ina asili ya Uturuki. Mechi 92 za timu ya taifa, bingwa wa dunia 2014. Mei 2018, yeye na İlkay Gündoğan wakapiga picha London na Rais Erdoğan, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa Uturuki wa Juni 24. Wakati huo Uturuki iko kwenye hali ya hatari tangu jaribio la mapinduzi la 2016, waandishi wa habari kibao wako gerezani, wapinzani wako gerezani. Mtu anakwenda kumpa jezi mtawala wa namna hiyo katikati ya kampeni!

Nawaambia wazi, mimi ningemkosoa Özil. Tena kwa sauti. Sisi tunajua ile picha inafanya kazi gani. Tunajua msanii au mchezaji akipandishwa jukwaani na walioshika dola hajapanda kuimba tu, anapaka rangi nyumba iliyopasuka. Mwanamichezo ni raia, ana jina kubwa, akiamua kulikopesha jina lake kwa mtawala tuna haki ya kumdai maelezo. Özil alisema ilikuwa heshima kwa cheo cha rais wa nchi ya wazazi wake, siyo siasa. Mimi sijaridhika na jibu hilo. Mwaka uliofuata Erdoğan huyo alisimama kwenye harusi yake kama shahidi.

Lakini angalieni mjadala ulivyokwenda. Ujerumani ikaenda Kombe la Dunia, Juni 27 ikafungwa 2-0 na Korea Kusini kule Kazan, ikatolewa hatua ya makundi, mabingwa watetezi. Timu nzima ilicheza ovyo. Ila lawama zikatafuta mtu mmoja, na mtu huyo akawa mwenye jina la Kituruki. Viongozi wa shirikisho la mpira badala ya kujibu kuhusu maandalizi wakaanza kuzungumza picha ya Mei. Tarehe 22 Julai Özil akaandika barua ndefu ya kuachana na timu ya taifa. Alisema mbele ya wakubwa wale yeye ni Mjerumani timu ikishinda na ni mhamiaji timu ikifungwa. Akauliza pia kuhusu Lothar Matthäus, nahodha wa heshima, ambaye siku zilezile za Kombe la Dunia alionana na Putin, na vyombo vya habari karibu havikusema kitu.

Hapo ndipo Özil alipowashika pabaya. Aliyekosea alikuwa na hoja dhidi ya waliokuwa wakimkosoa. Maana kama kosa ni kupiga picha na mtawala mbabe, basi Matthäus naye tumuulize. Kama Matthäus haulizwi, basi kumbe kosa halikuwa picha. Hoja nzuri kabisa, hoja ya haki za binadamu, ikafa mikononi mwa watu kwa sababu walioishika walichanganya humo na asili ya mtu. Mpaka leo ukitaja jina la Özil watu wanabishana ubaguzi, na wale waandishi waliokuwa gerezani Uturuki hakuna anayewakumbuka.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Sisi tumeshalipa gharama hiyo hapa nyumbani. Mwaka 2023 kwenye mjadala wa mkataba wa bandari na DP World, hoja ilikuwa ya vifungu: muda wa mkataba, namna ya kuuvunja, mamlaka ya nchi. Wanasheria wetu waliifanya kazi vizuri. Halafu wakatokea watu, wengine wakijiita wenzetu, wakaacha vifungu wakaanza Uzanzibari wa fulani na dini ya fulani. Mnakumbuka kilichofuata. Upande wa pili ukapata mahali pa kujificha. Badala ya kujibu kifungu wakajibu tusi, na tusi ni rahisi kulijibu.

Na hii inakwenda pande zote mbili, tusijidanganye. Wapo wanaoliita kila neno ubaguzi ili wasiguswe. Mchezaji anayetembea uwanjani dakika tisini hawezi kutuambia tunambagua. Chukueni Vinícius Júnior. Mei 21, 2023, kwenye uwanja wa Mestalla wa Valencia, alifanyiwa sauti za nyani, akamwonyesha mwamuzi mashabiki kwa kidole, mechi ikasimama. Dakika za nyongeza akatolewa kwa kadi nyekundu kwa kumpiga mchezaji wa Valencia usoni. Kadi ile baadaye ikafutwa. Juni 2024 mashabiki watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi 8. Sasa kuna watu watakwambia Vini naye anachokoza, analalamika kwa waamuzi, anawakejeli mashabiki. Ni kweli, wakati mwingine anafanya hivyo! Mimi mwenyewe ananichosha. Uchokozi una kadi ya njano. Mwamuzi anayo mfukoni, tayari. Hakuna kanuni ya mpira inayosema mchokozi alipwe kwa kuitwa nyani.

Hata kwenye ile habari ya Rashford, baada ya fainali picha yake kubwa iliyochorwa ukutani kule Withington, Manchester, iliharibiwa kwa maandishi, na dunia nzima ikasema ni ubaguzi. Polisi baadaye wakasema maandishi yale hayakuonekani kuwa ya kibaguzi. Watu wa mtaa walikwishaufunika ukuta kwa barua na mioyo ya karatasi, jambo zuri, na matusi ya mitandaoni yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini ukuta ule ulikuwa kitu kingine. Ukitaka kuaminiwa kwenye kubwa, usiongeze chumvi kwenye dogo.

Turudi nyumbani. Kwetu kuna neno garasa. Mchezaji kasajiliwa kwa mamilioni, hafungi, hakabi, unamwita garasa. Ni haki yako, umelipa kiingilio. Mtani wako wa jadi mwite Utopolo, mwite Kolo, akijibu usilie. Ila ukisikia "hawa Wakongo ndivyo walivyo", "hawa watu wa Magharibi wote matapeli", mwenzangu umeshatoka uwanjani.

Januari 2025 Uhamiaji ilithibitisha kuwapa uraia wa tajnisi wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Guinea, Ghana na Côte d'Ivoire. Kelele zilikuwa kubwa na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele. Maswali yalikuwa halali. Vigezo gani vimetumika? Haraka ya nini? Ndugu zetu wa diaspora wanaomba uraia pacha miaka nenda rudi wanaambiwa sheria hairuhusu, wengine wanashughulikiwa haraka, kwa nini? Mwenye kujibu maswali hayo ana ofisi, ana kiti, ana mhuri. Sasa nenda kasome maoni ya watu chini ya habari ile. Nusu ya matusi yamekwenda kwa vijana watatu waliojaza fomu na kusaini. Wameitwa majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee hawa. Mwenye mhuri hakuguswa. Amekaa pale anakunywa chai.

Kuna jambo la sheria, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wengi wetu tunaijua kwa kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo, maana wapo waliokamatwa kwa hicho. Fungua ukurasa unaofuata. Kifungu cha 17 ni maudhui ya ubaguzi na chuki dhidi ya wageni. Cha 18 ni matusi yenye msukumo huo. Vimepangwa mstari mmoja, sheria moja, polisi walewale. Ukimtukana Mkongo kwa Ukongo wake kwenye ukurasa wenye bendera ya chama, umewapa hoja watu waliokuwa wanaitafuta kwa tochi. Hawatakuja na kifungu cha 16 ambacho dunia inakipigia kelele. Watakuja na cha 18, na safari hiyo hakuna balozi wala mwanaharakati atakayetoa tamko. Na mimi, nikiwa mkweli, sitajua nikutetee vipi.

Msikubali pia ile hoja ya kwamba dawa ni kila mtu asajiliwe, kila akaunti iwe na kitambulisho. Tumeshaona inakoelekea. Mwaka 2018 kanuni zilimtaka mwenye blogu akate leseni, gharama zake zikapita shilingi milioni 2. Baada ya ile fainali ya 2021, Twitter walitoa hesabu zao: walifuta chapisho 1,622 katika usiku wa fainali na saa 24 zilizofuata, na katika akaunti walizozifunga moja kwa moja, asilimia 99 wenyewe walikuwa wanajulikana ni nani. Hawakujificha. Walitukana kwa majina yao, wana kazi na familia. Kwa hiyo atakayewaambia kufichua majina ya vijana ndiyo kumaliza ubaguzi, mwulizeni hesabu hii.

Tunachoweza kufanya leo ni kazi ya mikono yetu. Kurasa za Baraza ziko mikononi mwa watu waliomo humu ndani. Admin akiona mtu amemkosoa mchezaji, kocha, TFF, waziri wa michezo, hata mwenyekiti wetu, aache, hata kama ni kwa maneno makali. Akiona asili, kabila, ngozi au dini ya mtu imeingizwa, afute, na amwandikie mwenye maoni pembeni amwambie kwa nini, bila kumwaibisha. Tumejaribu kwenye mkoa wetu kwa miezi michache. Watu watatu walijitoa kwenye grupu kwa hasira. Mmoja amesharudi, juzi kaandika uchambuzi wa tozo za viingilio vya uwanja ambao kwa kweli ni mzuri kuliko niliowahi kuandika mimi. Hajamtukana mtu hata mmoja na halmashauri wameujibu kwa barua.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Naona mkono pale nyuma, kamanda mwenye jezi ya kijani, nadhani ni la Chama kuvuka kwenda Yanga. Karibu, uliza.